Kiganja Nyuma ya Lipu

Kulipopambazuka mama alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani na kukaa kitandani, mkoba magotini, akinisubiri utadhani mimi ndiye ninayechelewesha jua. Macho yake yalibaki ya kutofautisha mwanga na giza tu. Tangu nimhamishie kwangu mjini kwa ajili ya matibabu, hakuwa amerudi kijijini.

"Leo nitamshika kaka yako," alisema.

Kaka huyo sikumjua. Surua ilimchukua kabla sijazaliwa, hajafikia hata umri wa kuanza shule. Picha hana. Kaburi lake lilizolewa na mafuriko pamoja na mengine ya bondeni. Kilichobaki chake duniani ni kiganja kimoja. Kanisa lilipojengwa, kina mama ndio waliokanyaga udongo na kubeba maji, na kwa kuwa wengi hawakujua kuandika majina yao, kila mmoja aliruhusiwa tofali moja bichi agandamize mkono wa mwanawe kabla halijaingia tanurini. Matofali hayo yalipangwa ukuta wa nyuma, kwa nje. Mama alikuwa akipita hapo kila Jumapili baada ya ibada, anaweka mkono wake juu ya ule mdogo, kisha tunaenda zetu nyumbani.

Sasa kanisa lilikuwa na jubilei, na kamati imebuni mchezo wa kusaka hazina. Vikundi vinapewa vidokezo, vinazunguka kutafuta historia ya kanisa: kengele ya kwanza, jiwe la msingi, birika la ubatizo. Kidokezo cha mwisho tulikisikia kwenye kipaza sauti tukiwa bado getini.

"Tafuteni mikono iliyonijenga!"

Mama alinibana mkono hadi ukauma. Alikuwa anacheka.

Tulizunguka nyuma ya kanisa. Ukuta ulikuwa mweupe pe, umepigwa lipu, laini kama sahani. Katikati wamebandika jiwe jeusi linalong'aa, lenye maandishi ya dhahabu: *Nyuma ya ukuta huu ipo mikono ya mama zetu. Tunawaenzi.* Kikundi cha fulana za njano kilikuwa kinarukaruka mbele yake na kupigwa picha. Hazina imepatikana!

Mama alipapasa huku na huku. "Umenileta ukuta gani?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Sio huu."

Nilimwita mwenyekiti wa kamati, mzaliwa wa hapahapa, ambaye tunamwita Itifaki kwa sababu hata chumvi mezani haombi kabla hajazingatia itifaki. Alikuja na suti yake, mkono kifuani.

"Shikamoo mama! Karibuni sana."

"Nani kafunika ukuta?" niliuliza, kabla mama hajaitikia.

"Ah, dada yangu, ulikuwa na mabaka. Mgeni rasmi angetuonaje? Lakini kina mama hatukuwasahau. Soma hapo."

"Mama asome kwa macho gani? Hicho ni kilemba cha ukoka mnachowavika!"

"Punguza sauti. Mikono ipo salama, imefunikwa tu."

Imefunikwa tu. Fundi aliyekuwa akipigilia mapambo alikuwa ameweka nyundo yake juu ya ngazi. Niliichukua. Kaka yangu alikuwa chini ya dirisha la pili, ningemfikia hata nikiwa nimefumba macho. Nikapiga. Watu wakapiga kelele.

"Dada! Hii ni nyumba ya Mungu!"

"Na walioijenga ni wa nani?"

Nikapiga tena, lipu ikadondoka bonge zima. Tofali lililojitokeza lilikuwa limechanjwachanjwa, mashimo na mikwaruzo kila mahali. Nikabandua la pembeni yake. Vilevile. Nilimgeukia fundi, naye akatazama viatu vyake.

"Lipu haishiki kwenye tofali hivihivi, dada. Lazima uligonge kwa patasi kwanza. Tuligonga ukuta mzima."

Itifaki aliinama, akaokota kipande cha lipu. Nilitamani angebisha, nipate sababu ya kupiga tena.

Mama alisogea, akaweka vidole kwenye tofali. Alivipitisha kwenye mashimo, moja baada ya jingine, taratibu, akitafuta. Nilishindwa kumwambia aache.

"Mwanangu," alimwita Itifaki, "wako ulikuwa juu ya huu wake. Mimi na mama yako tuliwashika mikono siku moja. Wewe ulilia, ukasema udongo una baridi."

"Mama, nisamehe. Sikujua kama wangegonga." Alinyoosha mkono amsaidie kutoka kwenye vifusi.

Mama aliupokea. Lakini hakusogea. Aliupapasa kiganjani, kisha kidole kimojakimoja hadi kwenye kucha, na sote tukabaki tunamtazama.

"Wako umekua," alisema, akauachia.

Fundi alikuja polepole kuniomba nyundo yake. Nikamwambia bado, nikaligeukia lile jiwe jeusi.