Sauti Mpya Masikioni mwa Dada

Dada yangu Sun-rye haoni tangu utotoni, lakini hapa mjini Jeonju, Korea, simjui anayetafsiri riwaya za Kijapani kwa kasi kama yake. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye huchapa Kikorea. Sauti yenyewe kavu, ya mbio. Mgeni akiisikia huambulia mlio tu. Dada haimpiti hata silabi.

Vuli ile kampuni ikatangaza kwamba mfumo wa zamani wa kompyuta kama yake hautalindwa tena. Tulikuwa uani kwangu, tumechuchumaa mbele ya mlima wa kabichi, tunazipaka pilipili kwa kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, mume wangu Chun-bae alipolianzisha.

"Shemeji, weka mfumo mpya. Virusi vikiingia humo, utalia na tafsiri yako."

"Kwako wewe unayeona, ni kama kubadili pazia. Kwangu ni kuhamishwa nyumba, milango yote imegeuzwa."

"Utazoea."

"Na nisipozoea? Kitabu kinatakiwa karibuni. Mchapishaji nimpelekee mazoea?"

Nikadakia, "Juzi faili zako si zilikataa kufunguka? Ulinipigia simu unatukana kama dereva wa lori!"

"Wewe paka kabichi."

Chun-bae akatoa shauri: ajaribu kwanza kwenye kompyuta yetu, yake isiguswe. Akiuchukia mfumo, yeye Chun-bae ataosha mabeseni yote ya kimchi peke yake.

"Hapo sawa," dada akasema. "Anza kutafuta sabuni."

Jumamosi akaketi sebuleni kwetu. Asubuhi nzima ilikuwa laana tupu. Sauti mpya ilikuwa laini, ya taratibu. "Huyu anasoma au anabembeleza mtoto?" Amri alizozijua kwa vidole zilimpeleka kusiko. Kamusi yake ya miaka mingi ikagoma kabisa. Akavua hedifoni, akazitupa kwenye kochi.

"Nimeshindwa, jamani. Nirudisheni kwangu."

Chun-bae hakubisha. Akamwuliza tu: "Huna kitabu cha karatasi ambacho hujawahi kukisoma? Mfumo huu unasoma hata picha ya ukurasa."

Dada alikuwa nacho. Mwalimu wake wa Kijapani katika shule ya wasioona, marehemu sasa, aliandika kumbukumbu zake, akamwachia nakala. Sisi hatujui Kijapani, na kumwomba mtu baki amsomee aliona haya.

Nilikwenda kukichukua. Chun-bae akapitisha ukurasa wa kwanza kwenye skana. Sauti ikaanza. Inakosea hapa na pale, lakini inasoma. Dada akashika ukingo wa meza. Kisha akaangua kicheko, machozi yakimtoka.

"Anatusema! Eti darasa letu lilikuwa na kelele kama bata sokoni!"

Hatukula chakula cha mchana hadi saa tisa.

Mfumo mpya ukawekwa kwenye kompyuta mpya ya dada. Ile ya zamani ikabaki pembeni, bila mtandao, kwa ajili ya kamusi. Mwanzo alikwenda mwendo wa kobe, akaomba muda kwa mchapishaji, akapewa. Vidole vikajifunza upya.

Sasa anatafsiri kumbukumbu za mwalimu. Mchapishaji amesema atume sura ya kwanza waione, hawajaahidi kitu. Dada yuko sura ya nne tayari, na nikimpelekea chakula, nikabisha hodi, hunijibu kutoka ndani, "Supu iweke hapo, mdogo wangu. Nakuja."