Zamu ya Kuamia

Mwaka 1996 nilikuwa mwinjilisti wa Kilutheri hapa Mchombe, na nilijiona sana. Mama Theodosia, mjane wa usharika wetu, alipompeleka mjukuu wake hospitali Ifakara, aliniomba nimwamie ndege shambani siku tatu, niwafukuze wasile mpunga. Mpunga wake ulikuwa kwenye maziwa, punje bado laini, na ndege aina ya kwelea wakitua wakati huo, asubuhi moja inatosha kumaliza shamba. Nikamwambia asiwe na shaka.

Siku mbili nilipanda dunguni, kichanja cha mlinzi wa shamba, alfajiri, nikapiga debe na kelele mpaka sauti ikakauka. Ya tatu nilibaki nyumbani. Nilikuwa naandika mahubiri ya Jumapili, na yalikuwa yamenoga: jinsi Luther alivyofundisha kwamba baba anayefua nepi za mwanawe kwa imani anamtumikia Mungu sawa na padri aliye madhabahuni. Nikajiambia nimalizie ukurasa mmoja tu. Nilipofika shambani saa nne, ndege walikuwa wameshiba na kuondoka. Nilishika suke, jepesi, halina kitu. Nilirudi kwa njia ya nyuma nisionane na watu.

Jumamosi mama alirudi, akaliona shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwinjilisti. Hawa ndege wamenimaliza."

"Walikuja wengi mno," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Jumapili nilihubiri. Sijawahi kuhubiri vizuri namna ile. Mzee wa kanisa, Jofrey, alifuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kila nilipotaja kazi, macho yangu yalikimbilia kwa Theodosia, naye aliitikia kwa kichwa.

Baada ya ibada alinijia na bakuli la mchele. Kwetu aliyekuamia ndege lazima umwonjeshe mavuno. Mchele wa mwaka huo haukuwepo, akaleta wa akiba.

Mikono yangu ilikataa kupokea. "Mama, sistahili. Siku ya tatu sikwenda. Nilikuwa naandika haya mahubiri."

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua. Majirani wa shamba waliniambia jana, kabla hata sijafika nyumbani." Akanisogezea bakuli. "Nilikaa benchi la mbele nikingoja useme hilo kulekule juu mimbarini, ulikokuwa unatufundisha kazi. Pokea, mwinjilisti. Huu ni wa zile siku mbili."