Misumari Myeupe ya Pankrat

Nawaandikia kina mama wenzangu wa mji wetu huu wa kiwanda cha titani, madini mepesi kuliko chuma, hasa wenye watoto waliopagawa na milima. Wangu, Rodion, ana miaka ishirini na miwili, na nusura aende milima ya Kaukazi kuning'inia kwenye ujinga wa shemeji yangu.

Pankrat, kaka wa marehemu mume wangu, alifua viatu vya farasi miaka thelathini. Farasi walipokwisha, akajitangaza bingwa wa titani. Nani hapa hana kipande kilichotoka kiwandani kimyakimya? Hata koleo langu la viazi ni titani. Basi Jumamosi, bafu la mvuke likipashwa moto, akamfulia Rodion misumari kumi na miwili ya kupigilia kwenye nyufa za mwamba, ya kufungia kamba.

"Mbona unaiacha motoni mpaka inakuwa myeupe?" nikamuuliza.

"Ikiwa myeupe inalainika kama unga uliokandwa, shemeji. Mkono hauchoki."

"Mkono hauchoki, mtoto anaanguka."

"Rodion, hebu mtoe mama yako! Kasoma madarasa manne, anamfundisha mhunzi!"

Manne, ndiyo. Lakini mwaka wa kumi na tisa huu nasugua vipande vya titani kwenye maabara ya kiwanda, navipaka tindikali, navitazama kwa hadubini. Titani si chuma. Ikipita joto fulani, chembe zake za ndani hujipanga upya, kisha hunenepa kama wakwe kwenye harusi. Ikipoa hujipanga tena, ila unene ule hauondoki. Na ngozi ya nje imeshakunywa hewa, imekauka, rahisi kuvunjika kama kigae. Ukiitazama, inang'aa tu.

Nilikata ncha ya msumari mmoja, Jumatatu nikaitazama kazini. Chembe zimenenepa kuwa mabamba mapana, kama barafu ya dirishani mwezi wa Januari. Nikamwambia Rodion, akacheka.

"Mama, wewe hata kijiko unakiogopa."

Jioni ile nikaingia bandani kwa Pankrat, wote wawili wakiwepo. Nikabana msumari kwenye jiliwa, nikaugonga nyundo mara moja, kwa mkono huu huu wa kumenya viazi. Tak! Nusu yake ikarukia kwenye pipa la matango.

"Umepiga vibaya," akasema Pankrat.

"Kwani mlima utapiga vizuri?"

Rodion hakucheka tena. Akabana wa pili, akapiga mwenyewe. Wa tatu. Kati ya ile kumi na miwili, ikavunjika tisa.

"Mitatu mizima!" Pankrat akashangilia. "Si niliwaambia?"

Mwanangu akamwekea ile mitatu kiganjani. "Basi panda nayo wewe, baba mkubwa."

Ghafla bingwa akakumbuka kiuno kinamuuma.

Rodion ameazima ya chuma kwa wenzake. Mizito, analalamika kutwa nzima, nami nafurahi kumsikia. Lakini leo asubuhi nyundo ya Pankrat imelia tena bandani, na si kwa ajili ya mwanangu. Kina mama, ulizeni ni kwa ajili ya wa nani.