Nukta za Baada ya Chakula

Enzi za uhai wake, baba yao hakuiamini mashine ya kujaza chupa kiwandani hata chembe. Kila wakitoka kula cha mchana, aliigeuza koki kidogo, chupa za dawa ya kikohozi zikajaa kuzidi kipimo. "Mgonjwa asipunjwe," alisema. Binti yake, mkaguzi wa ubora, alipima chupa na kuchora nukta kwenye chati, akaziona zikipanda juu ya mstari wa katikati, ule wa kipimo kamili, akaguna. Aliujua mkono wa mzee.

Mzee akazikwa. Mashine ikarithiwa na mdogo wa kiume wa yule binti, na koki ikafungwa kwa waya na lakiri. Wiki ileile nukta zikaanza kupanda, baada ya chakula.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," meneja alisema. "Kesho zikifika saba mfululizo juu ya mstari, huyo aende. Mimi siulizi mtu, nasoma chati."

"Dada, haki ya Mungu sijaigusa," mdogo wake alilia. "Na wifi yako ndiyo anakaribia kujifungua."

Dada alimwamini, lakini chati haina undugu.

Kesho yake alimsimamisha kijana kando, mikono yake mifukoni, naye dada akaikodolea macho koki. Waya haukutikisika. Nukta ikapanda. Ikafuata nyingine, na nyingine, hadi sita. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, angeweza kudanganya; hakuthubutu, maana aliyemfundisha kutodanganya ni mzee huyohuyo.

"Baba," alinong'ona, "unamponza mwanao."

Nukta ya saba ikatua kwenye mstari wa katikati wenyewe, si juu wala chini yake. Iliyofuata pia. Na zote zilizofuata, siku hiyo na kesho yake.

Meneja akachekelea, kijana akabaki na kazi yake. Mkaguzi peke yake ndiye aliyeogopa. Nukta za mashine isiyo na kasoro huyumba kidogo, juu kidogo, chini kidogo, ndivyo inavyopumua. Hizi hazikuyumba hata kwa tone. Ilikuwa kama mtu aliyekemewa, akabana pumzi pembeni.

Akaiinamia koki, machozi yakimtoka mbele ya mdogo wake.

"Sikukufukuza, Baba. Pumua tu."

Akapima chupa iliyofuata. Ilikuwa imezidi kidogo, ndani ya mipaka, ya kumtosha mgonjwa. Akaichora nukta yake, na lakiri ilikuwa bado nzima.