Rufaa ya Siku Kumi na Nne

Barua za kuwaachisha watu kazi zilipita mikononi mwa mchapaji yule kila mwezi, na maneno yake alikwisha kuyahifadhi: "hereby terminated", "with immediate effect", yaani kazi imesitishwa kuanzia sasa hivi. Ofisini walimwita Kimya, maana hata karani akikalia kiti chake, yeye alisimama pembeni akingoja. Lakini Kiingereza cha barua hakikuwa na sauti ya kutetemeka.

Siku aliyoambiwa na mkuu wake kwamba mchumba wake, muuza vioo, amekuja kutoa taarifa kuwa yeye, bibi harusi wake, ataacha kazi mwisho wa mwezi, Kimya hakulia. Akaketi akachapa. Uchumba wao ulikuwa "hereby terminated with immediate effect". Akaweka namba ya kumbukumbu, na nakala moja kwa shangazi yake aliyemlea.

Shangazi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza tangu lini posa ya mdomo ikavunjwa kwa mhuri. Kimya akajibu kwamba mdomo wake haumtoshi.

"Haya, mwanangu. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Ila ipeleke mwenyewe."

Alimkuta mchumba dukani kwake akikata kioo cha dirisha. Akamfungulia daftari la kupokelea barua, akamwonyesha pa kutia sahihi, kama alivyozoea kufanya kwa kila mtu. Mchumba akacheka mpaka akaweka kikatio chini. Akasoma taratibu, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho. Masikio ya Kimya yakawaka moto. Alikuwa amechukua barua ya zamani akabadilisha majina tu, na ule mstari unaoruhusu rufaa ndani ya siku kumi na nne akausahau palepale.

"Basi nakata rufaa," mchumba akasema. "Siku kumi na nne, mama. Utakuwa umeshapoa."

Siku nyingine angeinamisha kichwa akaenda zake kungoja. Safari hii alichukua kalamu, akaukata ule mstari, akatia sahihi ndogo pembeni kama utaratibu wa ofisi unavyotaka. Kisha akainua uso.

"Sikutaki tena. Umeniachisha kazi yangu bila kuniuliza. Hakuna rufaa. Tia sahihi."

Sauti ilitetemeka, lakini maneno yalifika yote. Kimya akabaki ameshika daftari wazi mpaka mchumba akaandika jina lake.

Asubuhi alimweleza mkuu kwamba haachi kazi. Kisha akaenda mezani kwake, akamwomba karani ampishe.