Jeneza Lisilochakaa

Mimi simtazamii mtu bahati. Niseme mapema, maana kila anayeingia dukani kwangu akaliona lile kabati la kioo huanza kuninyooshea kiganja. Kwani nimekiomba? Mimi ni fundi viatu. Wananiita Mama Soli, na soli nikiitazama nakwambia mwenyewe anatembeaje, anaegemea upande gani, na kama anadanganya kuwa amepungua uzito. Karata za watabiri nazikusanya tu: pakiti za zamani, zilizochapwa kabla sijazaliwa, zenye picha za meli, nyoka, pete na barua. Ninazo nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wanasema kizuri chajiuza, ila mimi hukisaidia kidogo kwa kujisifu. Mume wangu husema duka likishika moto nitaokoa kabati kwanza, yeye atajijua. Hajakosea sana. Sheria ya kabati ni moja: hujanawa, hugusi.

Pakiti moja tu niliikosa, ya bibi yangu, mama yake baba. Bibi alitazamia watu sebuleni kwake, mtaa mzima ukimjua. Nilipouliza karata zake ziko wapi, shangazi alinikata: "Tulimzika nazo." Nikaamini. Shangazi hakupenda kumzungumzia mama yake. Hata wanawe aliwaambia bibi yao alikuwa mshonaji.

Basi asubuhi moja shangazi huyo akaingia dukani, kakumbatia kopo la biskuti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Jiko lako limewaka?"

Lilikuwa limewaka, ndilo ninalopashia gundi. Akaweka kopo juu ya meza ya kazi. "Nahamia kwa binti yangu. Sitaki wajukuu walikute hili. Nichomee. Mimi kila nikiwasha kiberiti najikuta nimekizima."

Nikafungua kifuniko. Weee! Macho yalinitoka pima.

"Si mlimzika nazo?"

"Nilikudanganya. Choma."

Hasira zilinipanda, sifichi. Miaka yote nazunguka minadani na kwa wauza vikorokoro nikitafuta japo pakiti inayofanana nayo, kumbe kitu kiko chini ya kitanda cha shangazi! "Sichomi," nikasema. "Labda unichome na mimi."

"Mama aliua mtu kwa hizo karata," akasema.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Alipokuwa mtoto alimsikia jirani yao akilia nyuma ya pazia, akitazamiwa. Haukupita muda jirani akafa. Watoto wa marehemu wakatangaza mtaani kwamba alitolewa karata ya jeneza, akakata tamaa ya kuishi. "Tangu hapo mimi ni binti wa Jeneza. Shuleni, dukani, hata siku ya harusi yangu kuna aliyeninong'onea. Na mama hakujitetea hata mara moja. Lisemwalo lipo, mwanangu."

Hasira zikaniishia palepale. Nilimhurumia mno. "Niache nizitazame mara moja," nikamwambia. "Nikimaliza, kama bado unataka, nitazitia jikoni kwa mkono wangu." Akakubali. Nami nikajua nimejifunga mwenyewe.

Nikanawa kwa sabuni, nikazipanga mezani. Viatu vimenifunza kwamba kitu huchakaa pale kinapotumika. Barua ilikuwa imelika kingo. Pete imefifia. Meli imelegea kama ndala kuukuu. Hata nyoka alijaa madoa ya vidole. Jeneza je? Jeneza lilikuwa linang'aa, rangi yote ipo.

"Labda alinunua jingine," shangazi akasema.

Nikaligeuza. Mgongo ulikuwa na umanjano uleule wa karata nyingine, umri mmoja. Halafu kidole gumba changu kikakuta kitu pembeni: pengo dogo, limekatwa kwa wembe.

Shangazi akaliona kabla sijalificha. "Si unaona! Aliitia alama ili aitoe apendapo. Tia moto."

Moyo ukanilipuka paa! Kweli nimeziona pakiti za matapeli zenye alama kama hiyo. Wanamtolea mteja karata mbaya, akishtuka wanamwambia alete chochote mkosi uondolewe. Nikaisogeza karata dirishani, nikaitazama kama ninavyotazama soli. Pengo lilikuwa limelainika kwa kupapaswa miaka na miaka. Lakini usoni hapakuwa na doa la kidole hata moja.

"Shangazi, sikiliza. Karata ikilazwa mezani, mteja anaishika, anaitia jasho, anaing'ang'ania. Hii haijawahi kulazwa. Bibi aliipapasa kila siku ajue iko wapi, kisha akaipeleka chini ya pakiti. Alama aliiweka ili isitoke."

"Nilimsikia yule jirani akilia."

"Watu hulia hata wakitolewa pete. Alilia nini, sijui. Lakini jeneza hili hakuonyeshwa, naapa kwa kazi yangu."

"Sasa kwa nini hakujitetea?"

"Angesemaje? Kwamba karata mbaya huwa anaificha? Nani tena angeziamini meli na pete alizowapa?"

Gundi ilianza kuchemka, nikaiacha ichemke. Mwishowe shangazi akasimama. "Sabuni iko wapi?"

Akanawa, akajifuta, akazikusanya zile karata na kuanza kuzichanganya. Sikujua kama anaweza. Mikono ilikuwa ya bibi kabisa, ile niliyoiona nikiwa mdogo. Kidole gumba kikapita pembeni, kikasita, na karata moja ikateleza chini ya nyingine zote. Wala hakuinamisha macho. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama wewe," akasema. "Mama, mjanja wewe!"

Nilivimba kwa fahari hadi nikahisi vifungo vitakatika. Kabati zima nililojisifia miaka yote, sikuwahi kuringa nalo kama nilivyoringa na bibi yangu siku ile. Shangazi akafungua kioo mwenyewe, akazisukuma kando pakiti zangu ninazozipenda kuliko zote, akaiweka ya mama yake katikati. Angekuwa mtu mwingine tungegombana.

Hapo akaingia mteja kuchukua viatu vyake. Akainama kabatini, kidole kimetangulia. "Hizo za katikati ni mpya. Za nani?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

"Za mama yangu mzazi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Alitazamia watu mtaa mzima. Na wewe toa kidole hapo, kanawe kwanza."