Mkeka Usio na Matamvua

Kiharusi kilipompata Weris, mkeka wa bintiye ulikuwa umefika nusu. Mkono wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, na nyuzi za mgunga alizozitafuna kwa meno yake mwenyewe zikabaki zikining'inia ukingoni kama nywele za mtu aliyeondoka kwa msusi kabla ya wakati.

Binti huyo, Lul, alikuwa aolewe na Ridwan, mfugaji wa ngamia upande wa Mbalambala. Nyumba ya kuhama ya bibi harusi hufunikwa kwa mikeka, na shangazi zake walikwisha kusuka yote isipokuwa huu mkubwa wa mlangoni. Huu ni kazi ya mama au ya rafiki yake; shangazi hawaugusi.

"Nataka kuuona umefungwa," Weris alisema. "Nikiuona na matamvua yake, basi. Mungu anichukue."

Kila asubuhi maneno yake yalizidi kuwa mazito, na Lul alizidi kuinama ili ayasikie.

Garissa mjini hapakuwa na wa kuumaliza. Wanawake wa mtaa wa Bulla waliojua kutafuna magome ya mgunga hadi yawe nyuzi walikuwa wanauza maziwa na vitambaa sasa, na wengine walicheka walipoulizwa. Magome? Siku hizi?

"Mpelekee Abshiro," Weris alisema.

Weris na Abshiro walikua pamoja upande wa Liboi, wakasuka wakiwa wameketi safu moja na wasichana wengine ambao sasa hakuna aliyejua walipo. Katika safu ile, mtu akimsukia binti wa mwenzake, mwenzake naye humsukia wake. Kabla ya vita kule Somalia, ambako Abshiro aliolewa, Weris alimsukia Shamis, binti wa Abshiro, mkeka mzima. Tangu wakati huo habari zilizofika ni moja tu: Abshiro yuko kambi ya wakimbizi ya Ifo, huko Dadaab.

"Mwambie zamu ni yake."

Lul aliviringisha nusu mkeka, akafunga furushi la magome, akapanda lori la dereva Adow lililokuwa likipeleka unga Dadaab. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliufungua mkeka juu ya vumbi.

"Hii ni nini ina nywele?"

"Ni mkeka, afande. Haujaisha."

"Sasa unapeleka wapi kitu haijaisha?"

"Kwa mtu wa kuumaliza."

"Kambini?" Askari alicheka. "Huko hata watu wenyewe wamekwisha."

Adow alitoa kichwa dirishani. "Afande, rudisha mkeka ya watu bole bole. Hiyo ni nyumba ya bibi harusi, si gunia."

Askari aliuviringisha vibaya, akamrudishia.

Ifo ilikuwa vibanda vya duara hadi macho yanapochoka. Lul alitazama vilivyofunikwa: plastiki, maboksi, magunia, kanga zilizooza kwa jua. Mkeka hakuuona hata mmoja. Miti ya karibu ilikuwa imekatwa kuni, na waliokwenda kuitafuta mbali walirudi wamevamiwa na majambazi, au hawakurudi. Wanawake walikaa vivulini wakifumua magunia ya msaada, uzi mweupe upande huu, mwekundu upande ule, kisha wakasukia miswala ya kuuza. Mikono yao ilikwenda mbio bila kutazamwa. Ilikuwa ileile ya mgunga, imekosa mgunga.

Abshiro alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mrefu, amekauka, na alimtambua Lul kabla hajajitaja.

"Wewe ni wa Weris. Umemwibia paji la uso."

Alipoelezwa habari za kiharusi aliuvuta mkeka mapajani, akaugeuza, akaukung'uta vumbi la barabarani, akavuta uzi mmoja kwa nguvu. Haukusogea.

"Bado anakaza kama anafunga punda mtoro!"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Na magome nani atatafuna? Meno yangu niliyaacha njiani."

"Nitatafuna mimi, habaryar," Lul alisema, akimwita mama mdogo.

"Meno ya Garissa? Si ya biskuti hayo?"

Lul alitia gome mdomoni. Uchungu wake ulimkausha ulimi, na punde ufizi ukaanza kutoa damu.

"Usimeze, abaayo," jirani wa Abshiro alimtania, akimwita dada, "utazaa mgunga!"

Lul alicheka huku mate ya kahawia yakimtiririka kidevuni. Hakuwa amecheka tangu mama yake aanguke. Akamkabidhi Abshiro uzi wa kwanza, umelainika, na akaona vidole vya yule mama vikiupokea kama mtu anayepewa maji.

"Hooyo amesema nimsalimie Shamis," Lul alisema, akimtaja mama yake kwa Kisomali. "Anakaa kambi ipi?"

Vidole vikasimama. Jirani aliinama juu ya gunia lake.

"Kumbe Weris hajasikia," Abshiro alisema. "Shamis alifia njiani akijifungua, kabla hatujafika Liboi. Hapakuwa na sanda. Nilimfunga na mtoto wake ndani ya mkeka wa mama yako. Matamvua niliyakata. Mtu haendi kaburini na mapambo ya harusi."

Aliweka uzi chini.

"Sisi wa safu ile tulikuwa na mwiko mmoja. Aliyemzika binti yake ndani ya mkeka wa harusi, hafungi tena ukingo wa bibi harusi."

"Mimi sijali mwiko."

"Sijakuuliza kama unajali."

"Habaryar, anakufa. Anataka kuuona umeisha, basi."

Abshiro alimgeukia.

"Anakula?"

"Uji. Kidogo."

"Anajigeuza mwenyewe?"

"Tunamgeuza."

"Akilala, midomo inabaki wazi?"

Jibu lilikuwa usoni mwa Lul.

"Zamu ni yangu, sikatai," Abshiro alisema. "Nitaumaliza. Lakini hautakuwa wako. Utakuwa wa Weris, wa kumfunikia safari yake ya mwisho. Ukitaka hivyo, tafuna. Hutaki, uchukue uende."

Lul aliutazama ule mkeka uliobaki nusu. Akamwona mama yake akiupapasa na kukuta nyuzi zilezile zinazoning'inia. Akachukua gome jingine.

Alitafuna hadi taya likakataa kufunguka. Abshiro alisuka bila wimbo, na alipofika mwisho aliufunga ukingo bapa, umebana, hauna hata uzi mmoja wa kucheza na upepo.

"Mwambie zamu yangu nimeitimiza," alisema, akaurudia mswala wake.

Kabla ya kuondoka, Lul alimwomba jirani nyuzi nyekundu za gunia. Ndani ya lori, kwa shazia ya Adow ya kushonea magunia, alifunga matamvua ukingoni, moja baada ya jingine, akijichoma kila barabara ilipomrusha. Adow alimtazama mara moja, akarudisha macho mbele.

Weris alikuwa macho. Lul aliulaza mkeka kifuani pake.

"Umeisha, hooyo. Ona, na matamvua yake."

Mkono wa kushoto ulitoka chini ya shuka, ukatambaa ukingoni. Ulipapasa msuko wa Abshiro kwanza, na uso ukalegea, karibu utabasamu. Kisha ukafika kwenye nyuzi nyekundu. Weris alizisugua kwa kidole gumba. Akavuta. Tamvua likang'oka.

"Gunia," alisema.

"Hooyo, kule mgunga haupo, ndiyo maana..."

"Ukingo ni bapa." Alipumua kwa shida. "Shamis?"

Lul akainamisha kichwa.

Weris alifumba macho, chozi likashuka upande ule wa uso uliokufa, ambao haukujua kulifuta. Mkono haukuacha kazi. Uling'oa tamvua baada ya tamvua, polepole, hadi ukingo ukabaki mtupu kama Abshiro alivyoufunga, na nyuzi nyekundu zikarundikana kwenye kiganja cha Lul.

"Nifunike," Weris alisema.

Lul akamfunika.